Mikono ya Tabaka la Tatu

Kinoo,
27 Novemba 2025

Mama Kavindu,

KUH: PICHA YA KRISMASI

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mjukuu wangu mwenye jina langu. Mimi niko, ila masikio ndiyo yameniaga. Juzi uliponipigia simu nilisikia kitu kama mahindi yakikaangwa. Nikajibu "ndio, ndio, sawa" kwa heshima, halafu ukakata. Mpaka leo sijui nilikubali nini. Na hizo meseji zenu herufi zake ni ndogo kama siafu. Basi turudi kwenye karatasi. Nimefanya kazi masijala ya serikali miaka thelathini na mmoja na nilichojifunza huko ni kimoja tu: kisichoandikwa hakikutokea. Barua zangu atakuletea Veronicah, maana analala nyumba ya tatu kwenye ploti yetu na kibanda chake cha vifungo kimepakana na chako hapo mjini. Hakuna posta inayoshinda hiyo.

Sasa nije kwenye ombi. Ile picha ya karatasi aliyonitengenezea marehemu mwanangu Ndambuki imeharibika. Paa lilivuja mvua za Aprili, maji yakaingia kwenye sanduku la kioo, matabaka yote manne yakawa uji. Sikukwambia wakati ule kwa sababu ulikuwa na yako ya kubeba. Lakini Krismasi inakuja na dirisha langu liko tupu.

Unajua mwenyewe tulivyozoea. Jioni ya tarehe ishirini na nne, taa iko tayari nyuma ya picha, na hakuna anayeigusa. Ndambuki anasimama mlangoni, anahesabu vichwa kama kondakta, hata jogoo wa kuchinjwa anamhesabu. Kisha anasema, "Tumetimia." Hapo ndipo ninapowasha. Tangu mlipokuja na ile mashine yenu ya kukata karatasi, taa hiyo haijawahi kuwashwa kabla ya neno hilo.

Michoro yake si bado iko kwenye kompyuta? Nikatie tena. Kubandika nitabandika mwenyewe, mikono ningali nayo.

Na uniambie mtafika lini. Tangu tumzike Machi mmekuja mara moja tu, mkakaa nusu saa na makoti hamkuvua.

Mama mkwe wako,
Kavindu Mutiso

•

Mjini,
2 Desemba 2025

Mama mpendwa,

Barua nimeipata. Veronicah aliingia nayo ameinua juu akitangaza, "Mama Kavindu, umeitwa kotini!" Watu wote wa korido wakageuka kuniangalia.

Mama, nisamehe nikiandika vibaya, vidole vinauma. Kuna duka kubwa huko Karen wameagiza theluji. Usicheke. Ni theluji ya karatasi ya kuning'iniza darini, kila moja matabaka matatu, vipande elfu moja na mia mbili. Mimi theluji ninayoijua ni ile ya kukwangua kwenye friji. Lakini wateja wanasema bila theluji si Krismasi, na huku nje jua linachoma mpaka gundi inayeyuka.

Kazi yenyewe unaijua kwa kuiona, si kwa kuifanya. Nalaza karatasi ngumu ya manila kwenye ule mkeka wenye gundi, naingiza kwenye mashine, kile kisu kidogo kinazunguka weee mpaka kinamaliza. Halafu natoa mkeka, nabandua theluji polepole isiraruke, nakwangua vile vipande vidogo vilivyong'ang'ania, nalaza manila nyingine. Stima ikipotea katikati, karatasi hiyo ni ya kutupa. Jana imepotea mara nne. Zamani tulikuwa wawili, mmoja anakata na mwingine anabandika. Sasa nakata mchana na kubandika jioni, na nikilala naona mkeka.

Kuhusu picha, nitajaribu. Folda yake sijaifungua tangu Machi. Ikifunguka nitakata.

Kuhusu Krismasi sijui, Mama. Baba yangu anasema twende Limuru tukapumzike. Tutaona.

Kavindu wetu amepoteza jino la pili. Anasema anakutunzia wewe, Susu wake.

Wako,
Debra

•

Kinoo,
4 Desemba 2025

Mama Kavindu,

"Tutaona" si tarehe.

Nakuandikia matabaka jinsi yalivyo, ili usiniambie baadaye kwamba ulisahau. La kwanza, nyuma kabisa, ni anga ya ile karatasi nyembamba ya manjano inayopitisha mwanga. La pili ni vilima vya Iveti. La tatu ni sisi wanne tumeshikana mikono: mimi mwanzo na mkoba wangu wa kazini, kisha Ndambuki na masikio yake, kisha mtoto, kisha wewe. La nne, mbele, ni nyumba yangu na mlango uko wazi. Kati ya tabaka na tabaka kuna vipande vya sponji. Sponji ninayo. Sanduku la kioo nimelipangusa.

Jino la mtoto usilitupe. Nitakuja kulichukua au ataniletea.

Jambo jingine. Sipendi umbea, lakini umbea unanipenda mimi. Veronicah anasema umekuwa ukiulizia pikapu ya kukodi kabla ya Krismasi. Nikamuuliza ya kubeba nini. Akaniita nyanya kwa Kikuyu chake: "Mimi sijui Cucu, nilisikia tu akiongea kwa simu." Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Limuru ni mahali pazuri pa kupumzika. Lakini mtu anayekwenda kupumzika hukodi pikapu ya nini?

Sikulazimishi kujibu. Nimeuliza tu kwa maandishi.

Kavindu Mutiso

•

Mjini,
10 Desemba 2025

Mama,

Nimemaliza. Matabaka yote manne yamo ndani ya bahasha ngumu, nimeweka kadibodi huku na huku. Nimemwambia Veronicah asiiegemee. Aliishika mkononi akauliza, "Aki hii ni glasi ama ni karatasi?" Nikamwambia aibebe kama mayai.

Sina maneno mengi leo. Theluji mia tatu bado. Nimekata yako juzi jioni baada ya kufunga, nikiwa peke yangu.

Krismasi Baba ameshapanga, na mimi sina nguvu ya kubishana na mtu. Tutakuja Januari kabla shule hazijafunguliwa.

Debra

•

Kinoo,
12 Desemba 2025

Bi. Debra Muchiri,

KUH: UPUNGUFU KATIKA TABAKA LA TATU

Nimepokea bahasha jana saa kumi na mbili jioni. Nimekagua yaliyomo. Anga ipo. Vilima vipo. Nyumba ipo. Katika tabaka la tatu niko mimi, yuko mtoto, na uko wewe. Kati yangu na mtoto hakuna mtu. Kuna pengo. Mkono wangu umenyooka unaelekea kwenye hewa.

Umemkata mwanangu.

Nimekaa na karatasi hiyo mezani tangu jana nikitafuta maelezo mengine na sijayapata. Nilikuomba picha ya jamaa yangu, ukaniletea picha ya jamaa yangu baada ya wewe kuipunguza. Yeye umemtoa, halafu unapanda pikapu na mtoto mwenye jina langu na kwenda kwa baba yako. Januari ni maneno ya kunyamazisha mzee. Mimi si mtoto, na masikio kuziba hakujaniziba akili.

Nikiwa karani nilipokea barua nyingi za watu waliotaka majina yafutwe kwenye faili. Hakuna aliyewahi kusema wazi anachotaka. Wote walikuwa wamechoka, wote walikuwa na haraka.

Nakuandikia kwa jina la baba yako kwa sababu naona ndilo ulilochagua.

K. Mutiso

•

Mjini,
13 Desemba 2025

Mama,

Barua yako nimeisoma nimesimama, wateja wakiniangalia, nikakaa chini.

Sijahama. Pikapu ni ya kubeba theluji kuipeleka Karen. Vipande elfu moja na mia mbili haviwezi kuingia kwenye mfuko wa sandarusi! Ungeniuliza mimi badala ya kumsikiliza Veronicah. Na kama uliniuliza nikasahau kujibu, nisamehe, nasahau hata kula.

Na huyo aliyekosekana ni mambo ya mashine. Vipande vidogo hubaki vimeganda kwenye mkeka wakati wa kubandua. Nadhani alibaki hapo, na mimi nikakwangua bila kuangalia, nikatupa pamoja na takataka za theluji. Ni uchovu tu. Nitakata mwingine nikipata nafasi.

Usiniite Bi. Debra Muchiri. Tangu nimeolewa hujawahi kuniita hivyo, hata siku ile nilipounguza wali wa wageni wako wa kanisa.

Debra

•

Kinoo,
16 Desemba 2025

Debra,

Habari ya pikapu nimeipokea na nimeifunga. Hapo nilikosea, na nimemwambia Veronicah abaki na vifungo vyake.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata Kangemi. Soma taratibu.

Tabaka la tatu ni karatasi moja. Sisi wanne tumeungana kwa mikono, na miguu yetu imeungana na ardhi. Hakuna mtu hapo aliye kipande cha kujitegemea, wa kubaki kwenye mkeka peke yake wenzake wakiondoka. Ingebaki karatasi nzima au isingebaki.

Nikachukua ile lenzi yangu ya kusomea Biblia. Kando ya mwili wangu ukingo umenyooka, safi, kazi ya mashine. Kando ya mtoto vivyo hivyo. Lakini pale alipounganika nasi ukingo unayumba, na mahali pamoja mtu alianza, akasita, akaanza tena. Huo ni mkasi. Nimeona vyeti vya kughushi vingi kuliko wewe ulivyoona theluji. Mkato wa mkono naujua.

Ulikata kwa makusudi, kisha ukanidanganya. Sikuandikii tena kwa hasira, hasira imekwisha, niko taabani nayo. Nauliza mara moja tu. Alikukosea nini?

Kavindu

•

Mjini,
18 Desemba 2025

Mama,

Hakunikosea kitu.

Nilifungua folda yake jioni ile. Jina la faili alikuwa ameandika "YA MAMA usiguse". Nilikata anga, nikakata vilima, nikakata nyumba. Nikaacha sisi mwisho. Mashine ilipomaliza nikabandua karatasi kutoka kwenye mkeka, na akainuka pamoja nasi, na yale masikio aliyojichora makubwa kwa kujitania. Nikamshika mkononi. Ni mdogo kuliko kidole changu cha gumba.

Nilitaka kumtia kwenye bahasha, Mama. Nilishaandika jina lako juu. Mkono ukakataa.

Niruhusu nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama yangu. Baada ya mazishi kaka zake waligawana nguo, na mimi sikusema neno kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Saa alipewa mkubwa wao. Kaburi liko kwenu Machakos, kwenye shamba la babu yake, nami siwezi kulitembelea bila kuomba ruhusa na nauli ya siku nzima. Mtoto ana jina lako. Wewe una picha zake zote tangu shule ya msingi. Mimi nilibaki na mashine ya kukata karatasi. Kila siku nakata nyota na theluji na malaika wa watu nisiowajua, na sina kitu chake cha kushika. Basi nikachukua mkasi, nikamtoa, nikamweka nyuma ya simu yangu, ndani ya kifuniko. Yumo humo sasa ninapoandika.

Nilijua ni wizi. Ndiyo maana nilisema uongo wa mkeka.

Ningeweza kukata mwingine. Ingechukua dakika tatu tu. Nilijaribu mara mbili nikazima mashine. Nikikata wawili, basi huyu niliye naye ni karatasi tu.

Na kuhusu Krismasi. Kwenda Limuru si kwa sababu ya Baba. Baba atanipokea siku yoyote. Ninaogopa ile jioni, Mama. Taa haiwashwi mpaka mtu aseme tumetimia. Sasa nani atasimama mlangoni? Nani atahesabu? Akifika mahali pake ataruka namba au atanyamaza? Nimelifikiria hilo tangu Septemba na kila nikilifikiria najikuta nimevaa koti. Siku ile tulipokuja sikuvua kwa sababu ningevua ningekaa, na ningekaa ningemsubiri aingie.

Nimechoka kuwa mtu wa kuvumilia. Ukitaka nimrudishe nitamrudisha. Niambie tu, nitamtuma kwa Veronicah.

Debra

•

Kinoo,
20 Desemba 2025

Mama Kavindu,

KUH: PAA

Paa halikuvuja.

Naandika tena ili ibaki kwenye kumbukumbu: paa halikuvuja. Mvua ya Aprili ilinyesha na nyumba hii haikupata hata tone. Fundi Kihara alilipiga lami mwaka jana na ni kazi ya maana.

Siku moja baada ya Pasaka niliingia sebuleni asubuhi, nikaona picha ile dirishani. Sikuwa nimeitoa tangu Krismasi. Na yeye yuko pale katikati yetu, amesimama, mzima, ameshika mkono wangu kama mtu asiye na habari. Nikamkasirikia. Namna gani mtu anakufa halafu anabaki dirishani kwangu? Nikafungua sanduku, nikatoa matabaka yote, nikayararua moja baada ya jingine. Nikayatia kwenye jiko la makaa nikachemshia chai. Chai yenyewe sikuinywa.

Kisha nikafunga mdomo miezi saba, mimi niliyekuwa nikiwafundisha makarani wadogo kwamba hati haichomwi. Na nikathubutu kukuuliza wewe amekukosea nini.

Kwa hiyo kati yetu wawili, wewe uliyemtoa kwa mkasi polepole ukamweka mahali salama, na mimi niliyemchoma na sisi wote, usiombe msamaha. Ukiomba utaniaibisha.

Sasa nisikilize. Jana nilichukua tena lile tabaka la tatu na lenzi. Safari hii sikuwa natafuta kosa. Mama Kavindu, wewe hukukata penye mikono yetu. Ulikata penye mikono yake, pale kiganja kinapoanza. Viganja vyake vimebaki. Kimoja kimo ndani ya mkono wangu, kingine kimo ndani ya mkono wa mtoto. Nilikwambia mkono wangu unaelekea kwenye hewa. Si kweli. Nilisoma vibaya. Umeshika kitu.

Sijui kama ulifanya makusudi au mkasi ndio uliopita hapo. Usiniambie. Nililia mpaka Veronicah akaja kugonga mlango, nami sikumsikia, akaingia akanikuta hivyo. Akauliza, "Cucu, nani amekufa?" Nikamwambia, "Mwanangu." Akasema, "Lakini hiyo ni ya Machi." Nikamwambia, "Ndiyo. Ndiyo kwanza nimelia leo."

Basi nimeshabandika. Sponji nimeweka, sanduku nimefunga, liko dirishani. Pengo liko hapo na litabaki hapo. Usimtume kwa Veronicah. Usimtume kwa mtu yeyote. Ni wako. Mwanamke hawezi kuzika mume akabaki na mashine tu, na sisi tulikosea kugawana kila kitu bila kukuuliza. Kaka zake nitawaandikia. Barua zangu wanazijua.

Kuhusu ile jioni, umeuliza nani atasimama mlangoni. Nimelifikiria siku mbili. Nitasimama mimi. Nitahesabu polepole, na nikifika mahali pake nitalitaja jina lake, kisha nitaendelea. Lakini sitasema tumetimia. Hatujatimia, na miaka thelathini na mmoja sikuwahi kutia sahihi jambo nisilolijua kuwa kweli. Nitasema, "Tumefika." Hilo naweza kulitia sahihi. Watu waliofika wanaweza kuwasha taa.

Njoo naye ndani ya hiyo simu. Usimtoe, usimwonyeshe mtu. Nitajua yupo.

Limuru mnaweza kwenda baada ya siku ya kufungua zawadi. Msalimie baba yako. Mwambie simkatazi, nilitangulia tu kuomba.

Mama yako,
Kavindu Mutiso

•

Mjini,
22 Desemba 2025

Mama,

Theluji imekwenda Karen leo asubuhi, yote. Dereva wa pikapu aliniuliza inayeyuka saa ngapi. Mashine nimeifunika.

Tutafika tarehe ishirini na nne saa kumi jioni. Jino tunalo, kwenye kiberiti.

Tutavua makoti.

Mama Kavindu